Siku Nilipoivisha Swichi Kitambaa cha Mama

Mimi naitwa Zaina, lakini ukifika Alunguli hapa Kindu, Kongo, ukamwulizia Zaina utazungushwa mpaka jua likuchome, bora uulize Mama Kitambaa, hapo hata wauza mkaa wa kivukoni watakuonyesha mlango wangu huku wakicheka. Jina hilo sikupewa kwa sababu nauza vitambaa. Nilipewa kwa aibu, tena aibu niliyojitafutia mwenyewe, mbele ya burgumesta mkuu wa mtaa wetu, padri, shehe, walimu, shangazi zangu, na jirani yangu Mama Bea, mtu ambaye ningependa habari zangu mbaya zimfikie mwisho kabisa (yeye alikaa kiti cha mbele). Nilinyamaza nikifikiri itasahaulika, lakini Kindu haisahau kitu cha kuchekesha, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia sokoni imetiwa chumvi.

Nianzie mbali kidogo, mnisamehe, maana bila vita hamtakielewa kitambaa, na bila kitambaa hamtaielewa swichi.

Wakati wa vita baba yangu, Mzee Ramazani, alikuwa na phonie. Vijana wa leo hawaijui. Ilikuwa redio ya kuzungumza na watu wa mbali, sanduku la chuma lenye vifungo, na kipaza sauti cha kushika mkononi, na betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliopanda mpaka juu ya mchikichi nyuma ya nyumba. Treni ilikuwa imesimama, mtoni hakupitiki, barabarani ndiyo usiseme, simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia, kwa hiyo ukitaka kujua kama dada yako wa Lubutu yu hai unakuja kwetu, unakaa kwenye benchi ya barazani pamoja na wenzako, unangoja zamu. Hewani baba hakuitwa Ramazani, aliitwa Tausi. Na mwenzake wa Lubutu, mwenye phonie ya kule, Mzee Feruzi, aliitwa Korongo.

"Korongo, Korongo, Korongo, Tausi anakuita, à vous!"

Hiyo à vous maana yake ni zamu yako, sema. Phonie haikubali watu wawili kusema kwa pamoja, ukimaliza lako unasema à vous, unaachia kifungo, unasikiliza. Benchi nzima ilikuwa inasikiliza. Siri haikuwepo, jamani! Mtu anaambiwa mke wake amejifungua mapacha Lubutu, kabla hajafungua kinywa wanawake wa benchi wameshapiga vigelegele. Mtu anaambiwa habari ya msiba, benchi yote inalia naye, hata wasiomjua. Na mtu akisahau kusema à vous kwa sababu ya furaha au machozi, watu wote wanamsaidia kwa sauti moja: "À VOUS!" Nilikuwa msichana mdogo, naleta maji ya kunywa kwa watu wa benchi, na Mungu anisamehe, ilikuwa vita, tulikuwa na njaa na hofu, lakini baraza lile nalikumbuka mpaka leo kwa hamu.

Baba na Korongo waliitana kila asubuhi, hata bila mteja, ili kila mmoja ajue mwenzake ameamka. Wakaulizana mvua, wakaulizana watoto, wakataniana. Na hawakuwa wameonana hata siku moja. Mama alipofariki, vita vikiwa vinaelekea kuisha, Korongo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Alinyamaza hewani mpaka tukadhani betri imekwisha, kisha akasema, "Tausi, leo sisemi à vous. Usijibu kitu. Niko hapa." Baba akakaa na kipaza sauti mkononi, sanduku likikoroma peke yake, na mimi nikajua kwamba mtu usiyemjua sura anaweza kuwa ndugu.

Sasa kitambaa. Mama yangu alikuwa fundi wa krosheti, na mnajua desturi yetu, nyumba yenye heshima haiachi kitu cha thamani uchi: redio ina kitambaa chake, viti vina vitambaa vyao, hata jagi la maji lina kofia. Alipokosa uzi wakati wa vita alifumua sweta kuukuu, nyeupe yenye mikono myekundu, akafuma kitambaa kikubwa cheupe chenye pindo jekundu, akaifunika phonie, na juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki. Haikuwa urembo tu. Watu wenye bunduki walikuwa wakisikia nyumba fulani ina phonie wanaichukua, na siku moja waliingia kwetu kweli, wakaomba maji, wakakaa, mmoja akaiweka kofia yake juu ya phonie yenyewe, kando ya maua, akanywa, akashukuru, akachukua kofia yake akaondoka. Kitambaa cha Mama kilituokoa. Ndiyo maana nilikuwa nakiamini kuliko nilivyoamini mambo mengi.

Miaka ikapita, simu zikaja, benchi ikabaki ya kuku. Phonie ikanyamaza kabatini chini ya kitambaa chake. Mimi nikakua, nikaolewa, nikapata watoto, na baada ya kuhangaika na biashara ndogo ndogo nikaamua kufungua nyumba ya kompyuta hapa Alunguli, watu waandike barua zao, wanafunzi wachapishe kazi zao, wenye ndugu ng'ambo waonane nao kwa video, na jina la nyumba nikaliita Tausi. Baba alifurahi sana. Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda. Mtoto wa jicho upande mmoja, na upande wa pili daktari alisema kuna ugonjwa mwingine, macho hayo hayatangoja sana.

Jioni moja nilikuwa nampelekea chai, akanishika mkono.

"Mama," akaniambia (baba huniita Mama, nimerithi jina la mama yake), "sauti ya Korongo iko mu masikio yangu, haitoke. Lakini sura yake siijue. Nilikuwa nafikiri tutaonana vita ikiisha. Vita iliisha, barabara ikakatala. Nataka nimuone kabla macho haiyafunga kabisa."

"Utamuona, Baba," nikamjibu. "Siku ya kufungua nyumba utamuona, mukubwa kama mulango."

Basi hiyo ndiyo ahadi niliyotoa. Binti yake Korongo, Asha, anafanya kazi mahali penye mtandao wa setilaiti kule Lubutu, tukapatana, siku hiyo atamkalisha mzee wake mbele ya kompyuta. Upande wangu nilikuwa na antena juu ya bati, kompyuta, na skrini kubwa ya wageni. Kilichobaki ni swichi.

Simaanishi ile ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni kikasha chenye matundu mstari mmoja, mtandao unaingia kwa tundu moja unagawanywa kwenda kompyuta zote kwa nyaya, kila kompyuta na tundu lake. Ikifa hiyo, zote zimekufa. Nilijua hayo, niliwahi kuajiriwa kwenye nyumba ya kompyuta ng'ambo ya mto, kwa hiyo msidhani nilikuwa mshamba mtupu. Nilikuwa mshamba nusu, na huyo ndiye wa hatari.

Nikapanda mtumbwi, nikavuka, nikaenda dukani kwa Papa Lukali. Papa Lukali ni mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, amevaa miwani juu ya kichwa na kila mara anaitafuta. Akaniwekea swichi mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya chuma, ya kijivu, nzito, imekwaruzika, ilishatumika ofisini, na karatasi ya gundi ya ofisi hiyo ilikuwa imebanduka nusu. Ya pili ilikuwa nyeupe, mpya, nyepesi, laini kama sahani ya harusi.

"Mama Zaina, sikia," akasema, "hii ya chuma ni muzee lakini iko na nguvu. Angalia mbavu zake, iko na matundu ya kupumulia pande zote. Itafanya kazi mpaka utaichoka wewe mwenyewe. Hii nyeupe ni mupya, ni muzuri, lakini inaogopa joto."

"Ile ya chuma inawaka taa?"

"Inawaka, lakini kidogo kidogo, sawa mutu mwenye iko na usingizi."

"Na hii nyeupe?"

Akaichomeka kwenye umeme. Wenzangu! Taa za buluu zikawaka mstari mzima, nikaiona tayari kwenye kabati langu la vioo, nikamwona Mama Bea anaitazama na kumeza mate. Ile ya kijivu nikaiona vilevile kabatini, na aibu ikanishika, burgumesta aje afungue nyumba yangu akute kitu kama kipande cha lori?

Mjomba wangu aliyechimba dhahabu miaka mingi kule machimboni kunakoitwa Kama alikuwa akituambia tukiwa watoto kwamba dhahabu ikitoka ardhini haivutii macho, unaweza kuikanyaga ukapita. Maneno hayo yalinijia palepale dukani, nayaapia. Nikayafukuza.

"Nipe nyeupe," nikasema.

"Ni wewe njo umechagua," akasema Papa Lukali (njo yetu ni ndiye na ndiyo yenu), akaanza kutafuta miwani yake.

Na lile neno lake kwamba inaogopa joto nililisikia vizuri, tena nililibeba kichwani mtumbwi wote. Nikafikiri, kitu kikiogopa joto kinawekwa kivulini, kinafunikwa jua lisikipige. Si ndivyo tunavyofanya na maziwa? Si ndivyo tunavyofanya na mtoto mchanga? Nilipofika nikaiweka ndani ya kabati la vioo, nikafunga vioo vumbi lisiingie, nikamfuata baba nyumbani, nikaitoa phonie kitambaa, nikaja nikaivisha swichi pamoja na kichwa chake cha umeme, nikaacha upande wa mbele wazi kidogo taa zionekane kupitia pindo jekundu. Na juu ya kabati, kwa kuwa mimi ni mtu wa maendeleo, sikuweka maua ya plastiki kama Mama. Niliweka maua ya kweli, ndani ya chombo, na maji. Ncha moja ya kitambaa nikaipitisha juu mpaka chini ya chombo hicho, ili kining'inie vizuri.

Baba jioni ile alipapasa phonie yake akauliza, "Kitambaa iko wapi?"

"Nimekipa kazi mupya, Baba."

Akacheka. "Mama yako angefurahi," akasema, na mimi nikalala na kiburi kitamu.

Siku yenyewe jua liliamka na hasira. Bati lilikuwa linalia. Wageni wakajaa, benchi ya zamani ya barazani nikaileta (hiyo nilifanya vizuri, hata leo najisifu), na baba nikamkalisha mbele kabisa, kanzu nyeupe, koti, macho amepanguswa kwa maji ya vuguvugu. Nyuma alisimama Papa Lukali, niliyemwalika. Burgumesta akatoa hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu, ikashuka, ikapanda tena, ikataja maendeleo, ikataja vijana, ikarudi kwenye maendeleo, na muda wote huo swichi yangu ilikuwa ndani ya kabati la vioo chini ya sweta, inapikwa, na mimi nimetabasamu.

Kisha nikapiga Lubutu. Skrini kubwa ikawaka, tukaona dari. Watu wakapiga makofi kwa dari. Tukaona ukuta, ikashuka, tukaona kofia iliyoshonwa kwa mkono, halafu kipaji cha uso, halafu unyusi mmoja mweupe.

Hapo ikasimama.

Baba alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. "Njo yeye?"

"Njo yeye, Baba."

"Sura iko wapi?"

"Inakuja."

Haikuja. Unyusi ukabaki pale pale, mkubwa kama kiwavi, watu wote tunautazama. Burgumesta akaniinamia akauliza kwa upole, "Mama, huyu muzee wa Lubutu iko na tatizo ya macho?" Nikacheka kicheko cha mbuzi. Nikasema ni mawingu. Shangazi Mwavita akachungulia dirishani akasema kwa sauti, "Mawingu gani?" Nikawaomba wageni wazime simu zao, eti zinavuta mtandao, wakazima wote kwa utii, na burgumesta naye akazima. Nikasema ni jenereta imechoka, nikamtuma mume wangu aiongeze mafuta, akarudi akasema imejaa. Sababu zikaniishia. Ningesema tu, jamani nisubirini, ningefungua vioo nikaiacha ipoe, pengine nisingekuwa na jina hili leo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Nikafungua kabati, nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Joto lilinipiga kama la mdomo wa tanuri. Taa nyingine zilikuwa zimezimika, na nikaona kuna waya umening'inia ncha moja, nikajiambia, aha, mchawi ndiye huyu, nikauchomeka kwenye tundu la kwanza nililoliona wazi. Sikuangalia ule upande wake wa pili uko wapi. Ulikuwa kwenye swichi hiyo hiyo. Yaani nimeufanya mtandao utoke kwa tundu hili uingie kwa tundu lile, uzunguke, utoke tena, sanduku linajipigia kelele lenyewe, na sauti ya Lubutu halisikii tena.

Na mnajua lilifanya nini? Taa zote zikawaka zikaanza kucheza. Mstari mzima, buluu, haraka haraka, huku na huku, vizuri ajabu. Wageni wakapiga makofi! Shangazi Mwavita akapiga kigelegele! Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama mbele ya kabati nikapanua mikono nikasema, "Munaona? Sasa njo inavuta kwa nguvu!"

Papa Lukali kule nyuma akashika kichwa.

Unyusi ukatoweka. Skrini ikawa nyeusi, na kiduara kidogo kikawa kinazunguka katikati. Baba bado ameinama, anakitazama kile kiduara, nadhani alifikiri ndilo jicho.

Ndipo Mama Bea akanusa. "Nani anachoma nailoni?"

Nikageuka. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye pindo jekundu. Sikufikiri, nikakamata kitambaa cha Mama kukiokoa, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Kumbe uzi ulishayeyuka umeshikana na kichwa cha umeme, kwa hiyo kilikuja kitambaa, ikaja swichi inaning'inia, zikaja nyaya, na ile ncha niliyoipitisha juu ikaja na chombo, maua na maji yake, vyote vikamwagika kwenye kigawanya umeme sakafuni.

PAAA!

Watu wa mji mwingine wangepiga kelele. Watu wa Kindu hawakupiga kelele. Hakuna aliyeuliza nini, hakuna aliyegeuza shingo, walikuwa chini wote kwa pamoja, mikono kichwani, midomo vumbini, kama walivyofundishwa na miaka ile. Burgumesta alikuwa chini ya meza ya vinywaji ameshika soda yake wima bila kumwaga tone. Padri na shehe walikuwa chini ya benchi moja wamekumbatiana. Mama Bea alikuwa ameilalia keki. Walimu, shangazi, wote chini, kimya kabisa, wanasikiliza mlio wa pili utatoka upande gani. Miili yetu ilikuwa haijasahau, na sisi tulidhani imesahau.

Mmoja tu alibaki kitini. Baba. Wakati wa vita, bunduki zikilia yeye hakuiacha phonie, maana lazima mtu aiambie Lubutu. Akageuza kichwa polepole.

"Zaina, nani ameanguka?"

"Watu wote, Baba."

Halafu chini ya benchi ikasikika sauti ya shehe, kwa adabu: "Padri, samahani, umelalia kanzu yangu." Hapo kicheko kikaanza, kikatambaa sakafuni, mtu kwa mtu, mpaka burgumesta akawa anapiga meza kwa kichwa kutoka chini. Walicheka mpaka wakalia. Mimi sikucheka. Nilisimama katikati na kitambaa kimetoboka tundu la kuungua, swichi nyeupe inaning'inia kwenye uzi wa Mama, na kilichoniuma si kicheko, wacheke, nilistahili. Kilichoniuma ni kwamba baba alikuwa ameigeukia tena ile skrini iliyokufa, anangoja. Nilimwahidi sura nikampa unyusi. Machozi yakanitoka mbele ya Mama Bea.

Simu yangu ikalia. (Mimi peke yangu sikuizima, mwenye kutoa amri haifuati.) Alikuwa Asha. Kabla sijasema lolote nikasikia anampa mtu simu, nikaweka sauti kubwa, na ile sauti ikaingia chumbani, imezeeka, inakwaruza, lakini ni ile ile ya barazani kwetu.

"Tausi, Tausi, Tausi, Korongo anakuita. Mumekatika. Muko wazima? À vous."

Baba alisimama. Akanyoosha mkono, nikampa simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti cha zamani, mgongo wake ukanyooka.

"Korongo, Tausi anakupata vizuri. Tuko wazima. Watu wote wamelala chini. À vous."

"Wamelala juu ya nini, sababu gani? Vita imerudia? À vous!"

"Hapana, vita haiko. Ni swichi ya Zaina."

Akasahau kumalizia. Na kutoka sakafuni, wale wote waliokuwa na umri wa kukumbuka, wengine bado mashavu vumbini, wakamsaidia kwa sauti moja, "À VOUS!" Kule Lubutu Korongo akaanza kulia, hewani tukamsikia.

Kesho yake nilivuka mto. Papa Lukali alinisogezea ile ya kijivu mezani, tena nadhani alikuwa hajaiondoa pale. Nikaibeba kifuani mtumbwini kama mtoto. Mpaka leo haijakatika, mvua, jua, jenereta ikikohoa, yenyewe iko, taa zake za usingizi usingizi. Majuto ni mjukuu, nami nimemlea.

Tukapanga tena. Safari hii bila burgumesta, bila maua, mimi na baba tu, na mlango nimefunga. Picha ikaja moja kwa moja, safi, haikutetemeka. Mzee mwembamba, kofia ile ile, masikio madogo, meno ya mbele hayapo, nyusi zote mbili. Baba akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akatazama sana. Korongo naye akatazama.

"Njo Korongo?" baba akauliza mwishowe.

"Njo mimi, ndugu yangu."

"Ahaa."

Walikuwa kama watu wawili waliokutanishwa na wazazi wao kwa ajili ya posa, kila mmoja anaangalia mikono yake. Mimi nikawaza, Mungu wangu, nimeharibu mara ya pili, na safari hii swichi inafanya kazi. Baba akapitisha vidole juu ya kioo, kwenye paji la uso la mwenzake, kwenye mashavu, taratibu, akapangusa macho yake, akaniita.

"Mama, leta kitambaa."

Nilidhani anataka kujifuta. Nikamletea kile cha Mama, nilikuwa nimeshakifua na kuliziba tundu kwa uzi wa buluu, maana mwekundu kama ule sikuupata. Baba akakipapasa, akalitafuta pindo, akalipata, akakinyoosha, akaifunika skrini yote, akakiweka sawa kwenye pembe kama alivyokuwa akifanya Mama.

"Sura yake nimeiona, asante, mwanangu. Macho ikifunga sasa, ifunge," akasema. "Sasa nataka nisikie Korongo."

Akarudi nyuma kitini, akafumba macho.

"Korongo, Korongo, Korongo, Tausi anakuita. À vous."

Na nyuma ya krosheti ya Mama ile sauti ikaitika haraka, kama mtu aliyekuwa amebanwa pumzi: "Tausi! Nilikuwa nangoja useme hivyo! Mvua imenyesha kwenu? À vous!"

Wakazungumza mpaka chai ikapoa mara zote nilizoipasha. Kwa hiyo mimi Mama Kitambaa nawaambia, mkienda kununua swichi msiulize kama inawaka vizuri, ulizeni inapumulia wapi, na mkishaiweka ukutani iacheni na uchi wake, hata mgeni awe nani. Mimi nimeapa kaburini kwa Mama, sitafunika tena kitu chenye kuhema. Kitambaa chake sasa kinafunika skrini tu, asubuhi wanapoitana wazee wawili walioonana mara moja na ikawatosha.